Fundi wa Mwanjelwa aliyeniuliza "mara ya mwisho lini?"

Nianze na bei za huyu fundi wa laptopu, maana najua ndizo mlizozifuata hapa. Kupima tatizo, shilingi 10,000. Kazi iliyofuata, 30,000, baada ya kuvutana sana. Nauli ya Coaster Tukuyu hadi Mbeya mjini, kwenda na kurudi mara tatu, jumlisheni wenyewe. Mkungu wa ndizi nilimpa kwa hiari yangu, hivyo msiende kule mkadhani ni sehemu ya malipo.

Ofisi yake iko Mwanjelwa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za kilimo. Haina jina. Kibao kimeandikwa "Simu, Kompyuta, Redio" na neno la redio limeshaanza kufutika. Ngazi ni nyembamba na harufu ya dawa za nyanya inakufuata mpaka juu. Kuna kiti kimoja cha wateja, na siku niliyofika kilikuwa kimekaliwa na spika.

Mimi nina steshenari Tukuyu. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, najaza fomu za HESLB, za mkopo wa wanafunzi wa elimu ya juu, na za vyeti vya kuzaliwa. Laptopu yangu ni ya mtumba. Zamani ilikuwa na Windows, na kila muhula flashi za wanafunzi zilikuwa zinaniletea virusi vipya: unafungua flashi ya mtoto wa watu, kazi yake yote haionekani, zimebaki alama tupu. Mwanangu alipokuwa anasoma chuo cha MUST pale Iyunga alichoka kunisafishia, likizo moja akaifuta yote akaniwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikazoea, na miaka mitatu sijaona kirusi. Shida iliyobaki ni barua za watu zilizoandikwa kwa Word, jedwali hukaa upande. Hilo tuliache.

Mwaka jana, msimu wa fomu za mkopo, mdogo wangu anayenisaidia dukani akaiapdeti laptopu usiku ili kumaliza bando la usiku. Asubuhi nikaiwasha, Wi-Fi ipo, nikajaza fomu mbili. Nikafunga kifuniko nikaenda kunywa chai. Kurudi, Wi-Fi hakuna. Sisemi ilikuwa haikamati. Haikuwepo hata kwenye orodha, kana kwamba laptopu haijawahi kuwa na Wi-Fi tangu izaliwe. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Nikafunga kifuniko, ikapotea tena. Anayejua umeme wetu wakati wa mvua anajua kwa nini nafunga kifuniko kila mara: natunza betri. Na nje nina foleni ya watoto waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na mzazi wake, na mzazi ndiye mwenye haraka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea simtaji, wala mtaa wake siutaji. Alifungua laptopu kwa chini, akaipuliza kadi ya Wi-Fi, akasema, "Mama, hii imeungua." Kadi nyingine ingetoka Dar kwa 55,000. Kama nina haraka, alikuwa na kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, 25,000. Nikachukua kidude. Akahangaika nacho karibu saa mbili akishusha mtandaoni draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, kwa bando langu. Kikafanya kazi wiki tatu. Apdeti nyingine ikaja, kidude nacho kikazima taa yake. Nikamrudishia. Akakitazama, akasema nacho kimeungua.

Vitu viwili kuungua ndani ya mwezi mmoja, na radi haijapiga. Hapo nikaanza kujiuliza. Mwalimu mmoja mteja wangu ndiye aliyenielekeza Mwanjelwa.

Huyu wa Mwanjelwa ni kijana, wa umri wa mwanangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikaanza kueleza kuhusu kuungua. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Mara ya mwisho kufanya kazi vizuri ilikuwa lini?" Nikamwambia tarehe, maana naikumbuka kwa daftari la mauzo. "Na kati ya siku hiyo na kesho yake, nini kilibadilika?" Nikasema hakuna. Akarudia swali, pole pole, kama anayemuuliza mtoto nani kala mboga. Ndipo nikaikumbuka apdeti ya usiku.

Hakuchukua bisibisi. Aliwasha laptopu huku anabonyeza kitufe, ikatokea menyu nyeusi ambayo kwa miaka mitatu sijawahi kuiona. Kulikuwa na mistari mitatu iliyofanana, tofauti ni tarakimu za mwisho tu. Akasema bahati yangu mdogo wangu huwa hasafishi, angesafisha ule wa zamani usingekuwepo. Akachagua wa chini kabisa. Laptopu ikawaka. Akafunga kifuniko, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, akafungua. Wi-Fi ipo. Akarudia mara nne, ipo mara zote nne. Akazima, akawasha kwa mstari wa juu. Akafunga, akahesabu, akafungua: ipo. Nikasema, "Unaona sasa, hata mpya inashika." Hakunijibu. Akafunga tena. Ikawepo. Akafunga mara ya tatu. Haipo.

Saa ya ukutani ilionyesha zimepita dakika kumi na kitu tangu nipande ngazi. Kadi yangu iliyoungua ilikuwa nzima.

Ile mistari mitatu, akaniambia, ni keneli tatu. Keneli ni kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyuma: kadi, skrini, diski, kipanya. Kila chuma kina draiva yake, na kwenye Linux draiva nyingi zimo humo humo ndani ya keneli. Akalieleza kwa Kiswahili cha stendi: "Gari lako zima, mama. Amebadilishwa dereva. Huyu mpya hajui kuliwasha gari hili likiwa limelala kwenye baridi."

Hapo ningeweza kulipa 10,000 na kuondoka, naye alinieleza hivyo wazi. Angeifunga laptopu ibaki kwenye keneli ya zamani, nikafanye kazi. Lakini akaongeza jambo ambalo mafundi wengi wasingelisema: keneli ya zamani haitapokea tena viraka vya usalama (viraka ni yale mabadiliko madogo madogo ya keneli), kwa hiyo asiniuzie kama dawa. Kukaa kwenye ya zamani ni kama kufunga bandeji. Kama nataka keneli zijazo ziwe salama kwa kadi yangu, lazima mtu amtafute mbadilishaji wa dereva, aseme ni badiliko gani, na awaambie wenye keneli.

Mimi nikacheka. Wenye keneli ni nani, na wana shida gani na mama wa steshenari wa Tukuyu?

Ndipo akanipa hotuba. Ni ndefu, na ni kasoro yake ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimesimama (spika bado ilikuwa kwenye kiti). Lakini nitawapa vipande vyake kwa kuwa vimenisaidia. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, ana sheria moja ambayo haipindi: kitu kilichokuwa kinamfanyia mtumiaji kazi, kikiacha kufanya kazi kwa sababu keneli imebadilika, kosa ni la keneli. Huwezi kujitetea kwamba badiliko lako ni zuri, au kwamba linawafaa wengi. Unalirekebisha haraka, na ukishindwa, linaondolewa na hali inarudi ilivyokuwa. Nikamwambia kila duka limebandika "Mteja ni mfalme" ukutani. Akasema sawa, sheria huvunjika kila siku, maana toleo kubwa la keneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 likiwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi. Ajabu ingekuwa lisilete madhara. Wiki mbili za kwanza wanamimina mapya, zinazobaki zote ni za kuwinda yaliyoharibika.

Akanitolea mifano. Septemba 2022 lilitoka toleo dogo, 5.19.12, ambalo kwenye baadhi ya laptopu za Intel lilifanya skrini ziwake na kuzima kama taa ya disko, kwa sababu draiva ya michoro ilikuwa inatumia muda usio sahihi wa kuwasha na kuzima umeme wa skrini, na ikahofiwa kwamba skrini zenyewe zingeweza kuharibika. Toleo lililofuata, 5.19.13, likatoka na mabadiliko hayo yameondolewa. Kisha akanieleza la 2008, na hili nililipenda zaidi. Keneli ya 2.6.27 ikiwa bado kwenye majaribio, kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva iitwayo e1000e zilianza kufa kweli kweli, kumbukumbu yake ya ndani inaandikwa takataka, kadi haiamki tena. Kila mtu akaishika shingo draiva. Baada ya wiki kadhaa za kutafuta ikaonekana mwenye kosa ni chombo kingine kabisa ndani ya keneli, ftrace, cha kufuatilia mwenendo wa programu, ambacho kilikuwa kinaandika mahali pasipo pake. Draiva ilisingiziwa.

"Ndiyo maana sikubali neno 'imeungua' kabla ya kupima," akasema. Nilihisi fundi wa kwanza anasemwa bila kutajwa jina.

Na kile kidude cha USB? Akakichomeka kwenye keneli ya kati, ile iliyokuwepo siku fundi wa kwanza aliponiuzia, taa ikawaka. Draiva yake ilikuwa imetoka nje ya keneli, imechukuliwa huko mtandaoni ikapachikwa. Draiva zilizo ndani zikibadilishiwa kitu, mbadilishaji anawajibika kuzirekebisha zote. Ya nje hakuna anayeiangalia, na wenye keneli walishasema wazi kwamba hawaahidi kuzitunzia hizo za nje njia za ndani zisibadilike. Kwa hiyo sheria ya Linus kwa kidude changu haina kazi. Nimekiweka kwenye droo, pamoja na 25,000 yangu.

Nikamwachia laptopu Jumanne. Nimejaza fomu siku hizo kwa simu na kwa laptopu ya kuazima ambayo herufi "a" yake lazima uigonge mara mbili.

Kazi aliyoifanya aliielezea hivi, na safari hii nilikuwa nimekaa. Kati ya keneli nzuri na ile mbaya kulikuwa na viraka mia mbili na kitu. Havisomi kimoja kimoja. Anajenga keneli iliyosimama katikati kabisa ya orodha, anaiweka kwenye laptopu yangu, anafunga na kufungua kifuniko. Kama Wi-Fi inarudi, mwovu yuko nusu ya pili. Kama hairudi, yuko nusu ya kwanza. Anaikata tena nusu iliyobaki katikati. Viraka mia mbili hivi vinaisha kwa majaribio nane. Hata vingekuwa elfu kumi na sita, majaribio 14 yanatosha. Kuna chombo kinachomhesabia, kipo ndani ya Git, programu ambayo Linus huyo huyo aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza keneli. Hata umeme ukikatika, na ulikatika Jumatano, kinakumbuka kilipofikia.

Sasa kasoro ya pili, na hii ni kubwa. Alhamisi alinipigia akiwa na furaha, kampata mwovu. Ijumaa nimepanda Coaster, nimefika Uyole, ananipigia tena: "Mama, samahani, tusubiri." Kiraka alichoishia kilikuwa cha sauti. Cha spika! Kadi yangu ya Wi-Fi inahusianaje na spika? Mwenyewe alicheka, mimi sikucheka. Mnakumbuka dukani kwake tatizo lilijitokeza mara ya tatu? Katika yale majaribio alikuwa anafunga kifuniko mara tatu tu, ikirudi zote tatu anaandika "nzuri". Keneli moja mbaya ilimpita kwa bahati hiyo, akaiandika nzuri, na kuanzia hapo kila hatua ikawa inamwongoza upande usio wenyewe. Ilibidi aanze upya, safari hii mara 20 kwa kila keneli. Jumamosi jioni akafika kwenye kiraka ambacho hata mimi niliona kinahusika: kimo kwenye draiva ya kadi yangu, kimewekwa ili kadi itumie umeme kidogo laptopu ikiwa imelala. Kwa kuhakikisha, akachukua keneli mpya, akaondoa kiraka hicho kimoja tu. Mara 20, Wi-Fi ipo mara 20.

Angefanya hivyo Jumanne ningeokoa nauli moja. Nimemwambia, na naandika hapa ili naye asome.

Taarifa aliiandika Jumapili usiku kwa Kiingereza, kurasa zisizozidi moja: laptopu ya aina gani, kadi gani, keneli ipi ya mwisho nzuri, ipi ya kwanza mbaya, kiraka kipi, na mistari ya kumbukumbu inayoonyesha kadi haikuitikia ilipoamshwa. Aliipeleka kwa msimamizi wa draiva ile na kwa aliyeandika kiraka. Kuna mtu pia anayefuatilia orodha ya madhara kama haya kwa kutumia roboti iitwayo regzbot, Mjerumani, Thorsten Leemhuis. Unaweka mstari mmoja kwenye barua yako nayo inaisajili, isije ikasahaulika chini ya rundo.

Nilitegemea kimya. Jumanne likaja jibu. Aliyeandika kiraka aliomba radhi kwa sentensi moja, hakubishana, akatuma kiraka kingine akaomba tukijaribu kwenye mashine yenyewe. Yaani kwenye mashine yangu. Kwa hiyo ndiyo mimi, nyuma ya kaunta yangu Tukuyu, mvua inanyesha, fundi yuko kwenye simu, nafunga na kufungua kifuniko mara 30 huku nachora vijiti kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la madeni. Vijiti 30, Wi-Fi mara 30. Mteja mmoja aliniuliza kama laptopu inauzwa.

Fundi akaniuliza kama anaweza kuliweka jina langu na barua pepe kwenye kiraka, kama mtu aliyekijaribu. Akanitahadharisha kwamba likishaingia halitoki, litasomwa na watu wote siku zote. Nikakataa, barua pepe ya duka imejaa matangazo tayari. Mwanangu aliposikia hakunisemesha siku nzima.

Kutoka hapo mpaka kiraka kunifikia kwa apdeti ya kawaida zilipita kama wiki tano. Niliuliza kwa nini, kama dawa ipo. Kinaingia kwanza kwenye keneli kuu, ndiyo kanuni, halafu ndipo kinashushwa kwenye matoleo yale ya muda mrefu ambayo sisi wengine tunatumia, halafu wenye mfumo wako nao wanapima kwanza. Na kushusha viraka nako kuna hatari: Novemba 2023 kiraka kimoja kilishushwa kwenye keneli ya 6.1.64 bila mwenzake ambaye kinamtegemea, kikawa kinaweza kuharibu faili kwenye diski za ext4 (namna moja ya Linux ya kupanga faili), na Desemba Debian, watoaji wa mfumo mmoja wa Linux, wakasitisha faili za kusakinisha toleo lao la 12.3 wakatoa 12.4 badala yake. Kwa hiyo wiki tano nilikaa kwenye keneli ya zamani aliyonifungia. Mdogo wangu nilimpiga marufuku kugusa apdeti, usiku na mchana.

Kuhusu ile 30,000. Yeye alitaja 50,000. Nikamwambia kazi yangu iliisha siku ya kwanza kwa 10,000, hizi nyingine umewafanyia watu wa dunia nzima wenye kadi kama yangu, mbona nizilipie mimi? Akasema, "Ungepiga marufuku apdeti mpaka lini, mama?" Sikuwa na jibu zuri, lakini na yeye hakuwa na jibu kuhusu kiraka cha spika. Tukaishia 30,000. Kwa mwenye haraka tu ya kurudi kazini, nawashauri mlipe ile 10,000, mfungiwe keneli ya zamani, mwondoke. Kwa anayeishi kwa hiyo laptopu kama mimi, hiyo nyingine inalipika. Jumla yake bado ni chini ya kadi ya Dar ambayo isingenisaidia kitu.

Mengineyo kwa haraka. Risiti hatoi mpaka uombe, na akitoa anaandika "ukarabati" tu. Simu mchana hapokei; tuma ujumbe. Kwa printa simshauri, alinigusia yangu ikaanza kuvuta karatasi mbili mbili. Windows anafanya, kwa shingo upande. Faili za mteja hagusi, niliacha fomu za watu humo na nilizikuta zilivyo. Kwa laptopu zenye Linux nampa nyota nne kati ya tano, ile moja ameipoteza Uyole.

Sasa hivi laptopu yangu ina keneli mbili, mpya na iliyotangulia, na mdogo wangu amejifunza ile menyu nyeusi. Apdeti tunafanya Ijumaa jioni baada ya kufunga, halafu tunafunga kifuniko mara kumi kabla ya kwenda nyumbani.

Jumapili hafungui. Kibao hakisemi, nimejua nikiwa nimeshapanda zile ngazi na mkungu wa ndizi begani.